Hundi za kampuni hewa na fundi aliyeanguka paani

Katika jimbo la Florida, kusini mwa Marekani, mtu anayepeleka hundi ya zaidi ya dola 1,000 kwenye duka la kubadili hundi hapewi fedha mpaka aache alama ya kidole gumba juu ya hundi yenyewe. Kitambulisho chake chenye picha hutolewa nakala, na hundi nayo hutolewa nakala. Mwenye duka huigonga muhuri wa jina lile lile lililo kwenye leseni yake. Kisha, kabla noti hazijahesabiwa, taarifa za hundi huingizwa kwenye kanzidata ya jimbo: tarehe, nani kaiandika, nani kaandikiwa, nani kaileta dirishani, ni ya kiasi gani, zimetolewa taslimu kiasi gani, ada iliyokatwa, tawi lililoipokea, aina na namba ya kitambulisho. Na kama aliyeandikiwa ni kampuni, kuna kipengele kimoja zaidi: namba ya bima ya fidia kwa wafanyakazi wa kampuni hiyo.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Mtu anayesikia kwa mara ya kwanza atajiuliza dirisha la kubadili hundi linahusiana vipi na fundi aliyevunjika mguu kazini. Uhusiano upo, na ni wa karibu mno. Jimbo la Florida liliugundua baada ya kupoteza miaka mingi na fedha nyingi, na waliolipa gharama kubwa zaidi ni watu ambao hawakuwahi hata kuingia kwenye maduka hayo.

Kwanza, maduka yenyewe. Huku kwetu mshahara wa kibarua hutolewa mkononi au kwa simu, na hundi ni ya ofisini. Marekani mambo ni tofauti. Kwa miongo mingi mfanyakazi wa kawaida alipewa karatasi ya hundi mwisho wa wiki au kila wiki mbili, na asiye na akaunti benki alihitaji mahali pa kuigeuza fedha siku ile ile. Maduka ya kazi hiyo yalishamiri mijini tangu miaka ya 1930, baada ya benki nyingi kuanguka, na kufikia miaka ya 1940 majimbo kama Illinois na New York yalikuwa tayari yametunga sheria za kuyapa leseni. Mpaka leo yapo, yenye kioo kinene na tundu dogo la kupitishia karatasi. Takwimu za shirika la serikali ya Marekani linalokatia bima amana za benki zinaonyesha kuwa mwaka 2023 familia milioni 5.6 nchini humo, sawa na asilimia 4.2, hazikuwa na akaunti ya benki kabisa. Humo wamo wageni wapya, wakiwemo ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliopelekwa huko kama wakimbizi, ambao hupata hundi ya kwanza ya mshahara kabla hawajaelewa benki inataka nini.

Huduma hiyo haitolewi bure. Florida imeweka ukomo: kwa hundi ya kawaida ya mshahara duka lisikate zaidi ya asilimia 5, au dola 5, chochote kilicho kikubwa. Kwa hundi ya msaada wa serikali ya jimbo au ya hifadhi ya jamii ukomo ni asilimia 3. Kwa hundi ya mtu binafsi inaweza kufika asilimia 10. Mtu wa hundi ya dola 600 anaweza kuacha dola 30 dirishani. Ni fedha nyingi kwa mtu wa kima cha chini, na kwa maoni yangu ni kodi ya kutokuwa na benki. Lakini ni biashara halali, wateja wake wengi ni watu wa kawaida wenye haraka ya kulipa pango, na rekodi zake zingekuwa jambo la wahasibu tu kama si yaliyotokea kwenye sekta ya ujenzi.

Katikati ya miaka ya 2000 Florida ilikuwa inajengwa usiku na mchana. Bei za nyumba zilipanda kila mwezi, na vimbunga vya mwaka 2004 na 2005 viling'oa mapaa katika wilaya nzima nzima. Kila mkandarasi alitaka mafundi, na aliwataka jana. Sheria ya jimbo inasema kampuni ya ujenzi yenye hata mfanyakazi mmoja lazima iwe na bima ya fidia, tofauti na sekta nyingine ambako wajibu huanza kwa wafanyakazi wanne. Sheria hiyo inamlinda hata mfanyakazi asiye na vibali vya kuishi nchini. Tena, mkandarasi mkuu akimpa kazi mkandarasi mdogo asiye na bima, fundi akiumia, mzigo unarudi kwa mkandarasi mkuu. Kwa hiyo mkandarasi mkuu hakubali mtu saitini kabla hajaona hati ya bima.

Bima hiyo ni ghali, hasa kwa kazi ya paa, kwa sababu watu huanguka. Gharama yake hupimwa kwa jumla ya mishahara ambayo kampuni inatangaza kulipa. Ukitangaza mishahara midogo unalipa kidogo, na hapo ndipo madalali walipopata upenyo.

Dalali anasajili kampuni. Anatafuta mtu wa kuazima jina lake, mara nyingi mhamiaji maskini anayelipwa ujira mdogo kusaini fomu na kisha kupotea. Kampuni hiyo haina ofisi, haina gari wala nyundo, lakini ina cheti cha usajili. Dalali anaikatia bima ya bei ya chini kabisa, akitangaza kwamba ina wafanyakazi wachache wenye mishahara midogo. Bima inatoa hati halali. Hati hiyo sasa inaanza kukodishwa: kikundi hiki cha mapaa kinaitumia Miami, kile cha zege kinaitumia kaskazini ya hapo, na kila kimoja kinajitambulisha kwa mkandarasi mkuu kwa jina la kampuni hewa. Mkandarasi mkuu anaiona hati, anaridhika, au anajifanya ameridhika. Kazi ikiisha anaandika hundi kwa jina la kampuni hewa.

Hundi hiyo lazima igeuzwe noti, kwa sababu mafundi wanalipwa mkononi, bila karatasi, bila kodi na bila makato. Benki ingeuliza maswali. Kwa hiyo dalali anaibeba hadi duka la kubadili hundi, siku ya Ijumaa, pamoja na hundi nyingine kumi za wakandarasi wengine. Duka linakata ada yake. Dalali anakata yake. Kinachobaki kinawekwa kwenye mfuko na kurudi saitini kugawiwa. Baada ya miezi kadhaa, kabla mkaguzi wa bima au wa kodi hajafika, kampuni inafungwa na nyingine inasajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Sasa chukua fundi aliyepanda paa siku ya Jumatatu na akateleza. Hospitali inauliza mwajiri wake ni nani. Yeye anamjua kiongozi wa kikundi kwa jina la utani tu. Mkandarasi mkuu anatoa jina la kampuni iliyo kwenye hati. Kampuni ya bima inafungua faili na kukuta kampuni ndogo yenye mishahara midogo ambayo haijawahi kumtaja mtu huyo. Anwani ni ya chumba kilichohamwa. Fundi hayumo kwenye karatasi yoyote duniani, ingawa jasho lake lilishalipiwa kwa hundi iliyopita kwenye dirisha, mbele ya kamera, ikapigwa muhuri.

Ninalisisitiza hili kwa sababu mjadala wa rekodi za fedha mara nyingi hubaki kwenye maneno makubwa ya utakatishaji na ugaidi, na msomaji hubaki akidhani ni vita ya wakubwa. Katika kesi hii rekodi ya dirishani ilihitajika kwa ajili ya mtu asiyekuwepo dirishani. Mwenye duka na dalali walikuwa wanaelewana vizuri tu. Hakuna aliyekuwa analalamika pale. Aliyedhurika alikuwa juu ya paa.

Mwaka 2008 jopo la wananchi walioapishwa kuchunguza uhalifu katika jimbo zima la Florida lilitoa ripoti mahsusi kuhusu maduka haya, likidai sheria isimamiwe. Rekodi zilikuwepo hata kabla ya hapo. Zilikuwa kwenye maboksi, nyuma ya kaunta, katika mamia ya maduka, kila moja kwa mwandiko wake. Mkaguzi aliyefika duka la kwanza aliona hundi za kampuni fulani na hakuwa na njia ya kujua kwamba kampuni hiyo hiyo, kwa wiki hiyo hiyo, imebadili hundi kwenye maduka mengine matatu. Sheria iliyopitishwa mwaka huo ikaweka kidole gumba, nakala ya kitambulisho, jalada la kila mteja wa kampuni, na muda wa kutunza rekodi: miaka 5.

Jalada la mteja ndilo ninaloliona kuwa la maana kuliko kidole. Mtu akileta hundi iliyoandikwa kwa kampuni, duka linatakiwa liwe na ushahidi kwamba kampuni imesajiliwa, hati za kuanzishwa kwake, majina ya watu walioruhusiwa kubadili hundi zake, na matokeo ya kuitafuta kampuni hiyo kwenye ukurasa wa jimbo unaoonyesha nani ana bima ya fidia. Anayeleta hundi awe ndiye aliyeandikiwa, au afisa aliyeidhinishwa wa kampuni iliyoandikiwa. Binamu wa mwenye kampuni hatoshi. Duka nalo lazima lipeleke hundi hizo kwenye akaunti yake lenyewe ndani ya siku 5 za kazi, ili njia ya hundi isikatike katikati.

Kwa karatasi, ilikuwa sheria nzuri. Lakini maboksi yalibaki maboksi. Mwaka 2011 Jeff Atwater, aliyekuwa Ofisa Mkuu wa Fedha wa jimbo, aliitisha kikosi kazi kuhusu udanganyifu huu wa bima. Walikaa pamoja wasimamizi wa leseni, wapelelezi, kampuni za bima, wakandarasi na wenye maduka yenyewe. Humo ndimo lilimotoka wazo la kanzidata moja, na bunge la jimbo likalipitisha mwaka 2013. Mfumo ulipoanza kufanya kazi, rekodi zile zile zilizokuwa zinakusanya vumbi zikapata kazi ya kufanya.

Tazama namna zinavyofanya kazi. Tuseme kampuni imetangaza kwa bima kwamba mishahara yake ya mwaka mzima ni dola 60,000. Kanzidata inaonyesha imebadili hundi za dola 60,000 kwa wiki moja, katika maduka matatu, zikiletwa na mtu mmoja. Hapahitajiki mpelelezi bingwa kujua kuna jambo. Namba ya bima iliyo kwenye kila ingizo inaunganisha ofisi mbili ambazo awali hazikuwa zikizungumza: ile inayotoa leseni za maduka na ile inayofuatilia waajiri wasio na bima, ambayo ina mamlaka ya kusimamisha kazi saitini hapo hapo. Na kwa kuwa taarifa zinatakiwa kuingizwa kabla ya malipo, mwenye duka hawezi kusema atazijaza jioni akipata nafasi.

Juu ya sheria ya jimbo ipo ya taifa. Sheria ya mwaka 1970 kuhusu rekodi za benki ndiyo mzizi wake, na maduka ya kubadili hundi yanaingia humo pale yanapolipa zaidi ya dola 1,000 kwa mtu mmoja kwa siku. Yanasajiliwa FinCEN, kitengo cha Wizara ya Fedha ya Marekani kinachofuatilia uhalifu wa kifedha, na usajili huhuishwa kila baada ya miaka miwili. Yanatakiwa kuwa na utaratibu ulioandikwa, mtu mmoja anayewajibika nao, mafunzo kwa wafanyakazi na ukaguzi wa mtu huru. Mteja akiondoka na zaidi ya dola 10,000 taslimu katika siku moja, fomu maalumu hupelekwa ndani ya siku 15. Kuzigawa hundi vipande vipande ili kuikwepa fomu hiyo ni kosa la jinai lenyewe, hata kama fedha ni halali. Mwaka 2013, mjini Los Angeles, meneja wa duka moja alihukumiwa kifungo kwa kuacha makusudi kupeleka fomu hizo. Pamoja naye alifungwa yule ambaye kazi yake rasmi dukani ilikuwa kuhakikisha zinapelekwa.

Upande wa pili nao una haki ya kusikilizwa. Mwenye akaunti benki akiweka hundi ya dola 1,500 kwa kuipiga picha na simu, hakuna anayemwomba kidole gumba. Asiye na akaunti anatoa kidole, picha na namba ya kitambulisho, na bado analipa ada. Ukweli huo unaniuma, na sidhani unafutika kwa kusema mwenye nia njema hana cha kuficha. Mhamiaji aliyekimbia nchi ambako orodha za majina zilitumika kuwasaka watu ana sababu nzito ya kuogopa orodha.

Kuna mfano wa karibuni wa jinsi jambo hili linavyoweza kupotoka. Machi 2025 Wizara ya Fedha ya Marekani ilitoa amri kwa biashara za huduma za fedha katika maeneo 30 ya posta mpakani na Mexico, huko California na Texas. Amri hiyo ilishusha kiwango cha kutoa taarifa kutoka zaidi ya dola 10,000 hadi zaidi ya dola 200. Dola 200 ni hundi ya siku mbili za mfagiaji. Duka lililokuwa linapeleka fomu chache kwa mwezi likatakiwa kupeleka kwa karibu kila mteja, na mteja akatakiwa kutoa anwani na namba yake ya hifadhi ya jamii ili apate fedha ya chakula. Wenye maduka walikwenda mahakamani, na majaji wa Texas na California wakazuia amri isitekelezwe dhidi ya baadhi ya waliofungua mashauri. Baadaye kiwango kilipandishwa hadi dola 1,000.

Ukiziweka Florida na mpakani pamoja, tofauti inaonekana. Florida iliuliza swali moja linalojulikana: kampuni hii inayobadili hundi ina bima ya watu wake? Ikachagua kiwango kinachowaacha nje vibarua wengi wa hundi ndogo, ikaongeza kipengele kimoja kinachojibu swali, na ikaweka mtu upande wa pili wa kuyasoma majibu. Mpakani kilichoongezeka ni wingi. Fomu nyingi za dola 200 na 300 zinahitaji wasomaji, na zisiposomwa zinarudi kuwa maboksi yale yale ya Florida ya kabla ya kanzidata, sasa yakiwa ndani ya kompyuta na majina ya maskini yakiwa ndani yake. Ninaunga mkono rekodi, tena kwa nguvu. Lakini anayemdai mtu kidole chake anapaswa kuwa tayari kueleza ni nani atakayekisoma, lini, na kwa ajili ya kumlinda nani.

Udanganyifu wenyewe haujafa. Agosti 2023 FinCEN ilitoa tangazo kwa benki na biashara za fedha za nchi nzima kuhusu kampuni hewa kwenye ujenzi wa nyumba na majengo, likieleza mbinu zile zile: kampuni changa, mmiliki asiye na historia yoyote ya ujenzi, bima ya kiwango cha chini, hundi nyingi kutoka kwa wakandarasi, kisha fedha taslimu nyingi zinatoka haraka. Kwa kuwa tangazo hilo lililenga benki pia, ni wazi kwamba baadhi ya madalali hawaishii tena kwenye tundu la kioo.

Yupo mmoja ambaye sheria hizi humgusa kidogo kuliko anavyostahili: mkandarasi mkuu. Yeye ndiye anayeandika hundi. Anajua kampuni yenye hati ya wafanyakazi wanne imeleta saitini watu arobaini, kwa sababu aliwaona wakipanda ngazi. Duka la kubadili hundi linadaiwa kutafuta bima ya kampuni kwenye mtandao kabla ya kutoa noti, wakati mtu aliyewahesabu mafundi kwa macho yake anaweza kusimama nyuma ya karatasi na kusema alionyeshwa. Ningependa kuona swali lile lile la kanzidata likiulizwa mezani kwake, siku anaposhika kalamu.

Wakati huo ukisubiriwa, kuna kitu ambacho mwenye ndugu kule anaweza kumtumia kwa simu leo. Ukurasa wa jimbo la Florida unaoonyesha kampuni zenye bima ya fidia kwa wafanyakazi uko wazi kwa mtu yeyote, hauhitaji malipo wala kujitambulisha. Unaandika jina la mwajiri kama lilivyo kwenye hundi au kwenye mkataba, na unaona kama ana bima na inaishia lini. Ukilipwa kwa hundi, piga picha pande zote mbili kabla hujaipitisha dirishani, na uitunze. Ukilipwa taslimu, andika tarehe, saiti, jina la aliyekupa na namba ya gari lake. Na kama kiongozi wa kikundi hataki kukutajia jina la kampuni unayoifanyia kazi, uliza tena kabla hujapanda ngazi.